Joto la Bi Neda

Kila asubuhi ya Januari, kabla ya kuvaa hata soksi, Evlogi alipiga magoti, akainama, akabandika shavu sakafuni. Sakafu ilikuwa vuguvugu. Akashusha pumzi, akainuka kwa kushika meza, akaenda kuchemsha kahawa.

Bi Neda alikuwa bado hajahama.

Evlogi aliishi ghorofa ya nne, Bi Neda ya tatu, jiko chini ya jiko na sebule chini ya sebule. Vipasha joto vya ukutani kwa Evlogi vilikuwa vimefungwa koki kwa misimu mitatu sasa, tangu bei ilipopanda na pensheni yake ikabaki pale pale. Madirisha aliyaziba kwa vipande vya blanketi. Ukutani alitundika zulia la marehemu mkewe, na soksi alizianika kwenye lile bomba la maji ya moto linalopita kona ya kila nyumba kutoka chini hadi juu, ambalo halina koki wala mita. Mbwembwe tu hizo. Alijua fika kinachompasha: joto hupanda, na chini yake aliishi mjane anayetumiwa pesa na binti yake, mtu anayejua kujipenda.

Katika majengo yale ya mji wa Pernik kila mtu alijua kwamba kuna wanaowasha na kuna wanaoota moto wa jirani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ukiuliza umejitaja.

Tatizo lilikuwa binti. Kila vuli alikuja kutoka mji wa Burgas na masanduku matupu, akitaka kumchukua mama yake. Mara ya kwanza Evlogi alipomkuta ngazini na masanduku hayo, alikosa hamu ya kula siku nzima. Kesho yake akashuka na mtungi wa kabichi ya chumvi, akamtengenezea Bi Neda bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Wiki iliyofuata alimbebea viazi kutoka sokoni. Hatimaye akajifunza hata kushindwa kwenye karata.

Bi Neda naye hakuwa mchoyo. Kila Alhamisi mchana alimpikia supu ya maharage.

“Mwanao hajakuita tena Ujerumani?” aliuliza Alhamisi moja, akimwongezea bila kuombwa.

“Ananiita. Nikafanye nini kule, nikaangalie theluji ya watu?”

“Usiende kabisa. Slavi wa hapa chini si alienda kwa mwanawe? Mwezi haukuisha, wakamrudisha kwenye jeneza. Nyumba mpaka leo tupu.”

“Na wewe, Burgas?”

“Thubutu. Kule kuna upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye mifupa. Hapa nina joto langu zuri.”

Akavuta sweta yake juu ya sweta nyingine. Evlogi akacheka moyoni. Wazee wengine, hata uwatie kwenye tanuri, watalalamika baridi. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na tisa.

Siku nyingine aliingia akamkuta Bi Neda amesimama juu ya kiti, kiganja kimebandikwa darini.

“Unafanya nini huko juu, mama wee?”

“Naangalia nyufa.”

“Shuka. Nyufa nitaziangalia mimi. Ukivunjika nyonga binti yako atakuja na gari la mizigo.”

Alimshika mkono akamshusha, na akabaki ameushika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mkono ulikuwa wa baridi. Usiku huo hakulala vizuri.

Tangu hapo aibu ikaanza kumla. Alhamisi akawa ananyoa ndevu tangu asubuhi. Akaanza kuona ni unyama kula supu ya mtu, halafu kupanda juu na kulala juu ya moto wa mtu huyo huyo. Akaamua. Mwezi wa tano, fundi wa kusoma mita akija, atashuka naye, asikie kwa masikio yake mita za Bi Neda zimesoma ngapi, kisha aungame na kulipa nusu. Bi Neda akimfukuza, amfukuze. Aliogopa hilo kuliko baridi, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe.

Mwezi wa tano ulifika, na fundi alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye tochi na daftari. Akapitisha tochi kwenye mita ndogo za vipasha joto vya Evlogi, moja baada ya nyingine.

“Sifuri. Kama mwaka jana. Unaishi kwa maombi, mzee?”

“Navaa vizuri.”

Evlogi akashuka nyuma yake, amenyoa, bahasha ya pesa iko mfukoni. Kwa Bi Neda meza ilikuwa tayari, sahani mbili, mvuke unapanda. Fundi akapitiliza, akapiga magoti jikoni, kisha sebuleni, kisha chumbani.

“Bi Neda,” Evlogi alisema. “Kabla huyu mama hajatoka, kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Ukishalisikia, useme lolote, sitakulaumu. Mimi huko juu, misimu hii yote mitatu…”

“Sifuri,” fundi alisema kutoka chumbani. “Vyote vitatu. Kama mwaka jana na mwaka juzi.”

Bi Neda hakumtazama fundi. Alimtazama Evlogi, kuanzia kidevu kilichonyolewa hadi bahasha iliyochungulia mfukoni, na taratibu akauweka mwiko mezani.

“Na kwa huyu wa juu,” aliuliza, “imesoma ngapi? Maana nimempikia supu misimu mitatu ili asihame.”