Kidole Chochote

"Ulimsomea onyo?" hakimu aliuliza.

"Nilimsomea, mheshimiwa."

Shahidi, karani wa uandikishaji wa wapiga kura, alikuwa amewasomea wote waliopita mezani kwake, mpaka mdomo ukawa unajisemea wenyewe: kujiandikisha kupiga kura zaidi ya mara moja ni kosa, adhabu yake kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Kazi ile ilimmaliza. Foleni haikwisha, bosi alidai watu zaidi kila siku, na yeye mwenyewe hakupata hata nafasi ya kujiandikisha.

Kizimbani alisimama bibi mponda kokoto, kitambaa kichwani, mikono yake iliyokakamaa, yenye vidole vilivyolika kwa mawe, imeshika mbao. Kadi mbili zilikuwa zimekutwa na alama ya gumba moja. Ya kwanza yake, ya pili ya dada yake, ambaye sasa ni marehemu. Sura kwenye picha zilifanana, na vumbi la kokoto lilizidi kuzifananisha.

"Ni mtu mmoja huyu," mwendesha mashtaka alisema. "Kajiandikisha, kabadilisha kitambaa, karudi kwa jina la dada yake."

"Mheshimiwa, mwanangu, dada alikuwa nyuma yangu kwenye foleni," bibi alisema. "Vituo vingine walitufukuza, eti tunawachelewesha. Kijana huyu ndiye aliyetupokea. Alituambia tukae tu, tutazame kamera, twende zetu tukapumzike. Mungu ambariki."

Karani alitazama viatu vyake. Baraka ile ilimuuma.

"Nyumbani tupo wawili tu, mimi na mjukuu wangu mdogo," bibi aliongeza. "Mkinifunga, nani atamlea?"

Hakimu alivua miwani, akajisugua macho. Kesi zilimngoja chungu nzima. "Aweke kidole, tumalize."

Mashine ya uandikishaji, ile inayosoma vidole, ikaletwa. Bibi akabonyeza gumba. Kimya. Akalifuta kwa nguo yake, akabonyeza tena. Kimya vilevile.

"Anafanya makusudi!" mwendesha mashtaka alisema.

"Au mashine imekufa. Karani, ijaribu wewe. Ikikusoma, basi mama huyu anatuchezea shere, na hukumu naitoa sasa hivi."

"Niweke kidole gani, mheshimiwa?"

"Chochote! Usitupotezee muda."

Karani aliwafikiria mkewe na mtoto wao ambaye hata kutambaa hajaanza. Akanyoosha kidole cha shahada.

"Usiogope, baba," bibi alimwambia kwa upole. "Haiumi."

Karani alikirudisha kidole. Akashusha pumzi, mtu aliyechoka kuliko alivyowahi kuchoka kwenye foleni yoyote, akaweka gumba.

Mashine ikalia palepale. Kwenye kioo zikatokea sura mbili zenye vitambaa kichwani: ya bibi, na ya marehemu dada yake.