Mchoro Usiosikia

Siku hizi picha za ukutani zinaona na kusikia. Kila nyumba sharti iwe nayo moja sebuleni, na watu wamezoea kuisalimu wakiingia na kuchunga ndimi mbele yake. Kwa hiyo Pazi alipokuta mkewe Mwantumu ameiteremsha ya kwao na kutundika mchoro wa penseli, roho ilimruka.

Aliushusha, akapapasa fremu akitafuta jicho. Halikuwepo. Ilikuwa karatasi tu: Mto Msimbazi unapita chini ya daraja, vijana wanaosha magari, moshi wa mama lishe umepakwa kwa kidole.

"Nani kakupa?"

"Nimechora mwenyewe. Mbaya?"

"Mzuri. Ile nyingine iko wapi?"

"Kwa fundi. Nimeimwagia chai."

Pazi akaurudisha ukutani. Mwanamke hamwagi chai bure, aliwaza. Ana bwana huyu, au ana mpango.

Mwantumu akafunga mlango. "Baba Zuhura, leo hatusikiwi na mtu. Yale maneno yaliyomponza kaka yangu Mbwana, hakuyasema mbele ya picha. Aliyasemea uani, tukila mihogo. Tulikuwa watatu. Yeye askari walimchukua, mimi sikusema. Nani alimchongea?"

Pazi alisogelea mchoro mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Haya maji," alisema, "umeyapatia kweli. Yanakwenda."

"Nimekuuliza, baba Zuhura."

"Na hili daraja," akasema bila kugeuka. "Tazama nguzo zake."