Tumbo la Kukodi

Mlango ulipofunguliwa, Farangis nusura aangushe maua. Mama wa msichana waliyekuja kumposa alikuwa na kovu la moto shingoni, na kovu lile Farangis alilijua. Miaka ishirini na mbili iliyopita walikaa benchi moja kwenye kliniki ya Tehran.

"Karibuni, karibuni, mmetuletea nuru," alisema mwenye kovu. Macho yake yalimtua Farangis, akayaondoa haraka.

"Nuru ni yenu, Bi Mehrangiz, sisi tumekuja kuiota tu," alijibu Ezzat, shemeji yake Farangis. Ndiye aliyekuwa msemaji wa posa, maana kaka yake, baba wa Behrang, alishafariki. Behrang mwenyewe, mwana wa Farangis, alikuwa nyuma, kakumbatia boksi la vitamu, jasho linamtoka.

Wakaketi. Ezzat na baba wa msichana wakazungumzia ukame na bei ya nyama. Farangis hakusikia neno. Siku zile za kliniki alikuwa mjane mchanga, Behrang bado mdogo, na maji yamemfika shingoni. Aliwaaga ndugu zake hapa Isfahani kwamba anakwenda kumuuguza kikongwe, akamwachia mama yake mtoto. Kumbe alikwenda kukodisha tumbo.

Daktari alimweleza upesi upesi. Kuna namna mbili, alisema. Ya kwanza, yai ni la mke mwenyewe na mbegu ni ya mume; vinakutanishwa nje, kisha mimba inapandikizwa kwa mwanamke mwingine aibebe tu. Huyo ni chungu, mchuzi si wake. Ya pili, mbegu ni ya mume, lakini yai ni la huyo mbebaji. Huyo ni mama kwa damu, atake asitake.

"Wewe ni chungu," daktari alimwambia, na Farangis akashusha pumzi.

Majina yalifichwa. Mume hakumwona hata siku moja. Alimjua mke tu, yule mwenye kovu, aliyekuwa akimmenyea matango na kuyatia chumvi wakingoja benchini. Aliyeitwa ndani kila mara ni Farangis peke yake. Mwenzake alibaki na matango yake. Mtoto alipozaliwa, walimchukua hata sura hakuiona.

Na sasa mtoto huyo aliingia sebuleni na sinia la chai. Aliitwa Golnush, msichana mrefu aliyejitahidi kuona haya huku kicheko kikimponyoka.

"Mashallah!" Ezzat akapiga goti lake. "Hebu tazameni pua hizi mbili. Wanaofanana hivi hawaachani, mimi nawaambia."

"Baba mkubwa, taratibu basi," Behrang akanong'ona, masikio yamemuiva. Shangazi wawili wa msichana wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Farangis alitaka kusema, lakini aseme nini? Kwamba mama wa bwana harusi ndiye aliyembeba bibi harusi? Mji mzima ungejua kabla ya magharibi, na msichana angeambiwa mbele ya wageni kwamba mama yake hakumzaa. Masheikh nao hawana kauli moja. Huyu anasema aliyebeba ni kama mama wa kunyonyesha, kwa hiyo wanawe na mtoto huyo ni ndugu wasioweza kuoana; yule anasema chungu ni chungu tu. Farangis alimshikilia huyo wa pili kwa mikono miwili. Damu hawachangii, alijiambia. Bora damu hawachangii.

Alibakiwa na tumaini moja. Wenye binti wanaweza kukataa bila kutoa sababu. Wanasema tu istikhara, ile dua ya kumwomba Mungu mwongozo, haikutoka vizuri, na wageni wanaondoka na heshima yao. Mehrangiz alijua yote. Basi na akatae yeye. Farangis akamkazia macho.

Mehrangiz naye alimtazama vilevile, macho ya mtu anayeomba, kisha akamsogezea sahani ya matunda. "Bi Farangis, hujagusa kitu. Sema wewe. Mama wa kijana ndiye mwenye neno."

"Hasha, mimi nani? Neno ni la wenye binti."

"Wallahi siwezi kukutangulia."

"Wallahi mimi ndiye nisiyeweza."

"Jamani, adabu hizi zitatuzeesha!" Ezzat akaingilia. "Kinamama wameridhika wote, tunangoja nini? Tutie utamu vinywani."

Baba wa Golnush akafungua boksi, akalizungusha. Kitamu kikishamezwa, posa imekubaliwa, na anayerudi nyuma baada ya hapo anajiaibisha na ukoo wake. Farangis alitafuna. Hakusikia ladha yoyote.

Mehrangiz aliponyanyuka kwenda kuongeza chai, Farangis alimfuata jikoni akafunga mlango.

"Kwa nini hukukataa?"

"Nilikungoja wewe!" Mehrangiz alikuwa analia. "Nikasema haiwezekani, mama mzima hawezi kulinyamazia jambo hili."

"Mbele ya mwanangu ningesemaje? Vitamu vimeliwa, dada, hatuna la kufanya tena. Tushukuru Mungu mimi nilibeba tu, yai lilikuwa lako."

Birika lilichemka, wala hakuna aliyelizima. Sebuleni shangazi walikuwa wameanza vigelegele. Mehrangiz aliushika mkono wa Farangis.

"Mimi yai nilitoe wapi, Bi Farangis?" alisema. "Nilipasuliwa, nikatolewa kizazi na vifuko vya mayai, kabla sijaolewa."