Chura Aliyetaka Gamba

Chura aliichukia ngozi yake, kwa sababu kila alipokanyaga tope la chumvi aliwashwa mwili mzima. Akamwendea jirani yake Kobe, yule wa nchi kavu, si Kasa wa baharini.

"Mzee Kobe, ngozi yangu inapitisha kila kitu!"

"Mbona damu yako haivuji? Huo ni utando, Chura, si ukuta. Unazuia na unapitisha."

"Mimi nataka ukuta."

"Haya, jenga. Nimechoka kukueleza."

Chura akajipaka utomvu wa fenesi mwili mzima, ukakauka. Siku hiyo alivuka tope lote akiimba. Jioni alishikwa na kiu, akaingia bwawani, na kiu ikazidi, kwani chura hunywa kwa ngozi.

"Mzee Kobe, nakufa kwa kiu!"

"Nawe umo majini hadi kidevuni?"

"Hayaingii!"

Kobe akaguna, akamvuta ukingoni, akaanza kumbandua utomvu kwa mdomo.

"Taratibu, unaniumiza! Kwani hukuweza kunikataza kwa nguvu?"

Kobe akamsukuma majini. Ngozi ikaanza kunywa kabla Chura hajamaliza kulalamika.