Mgongo Usiopandwa na Matope

Hii ni habari ya Ngiri, aliyechoka kuhama kwa miguu kila mto unapofurika, akaamua kutafuta mgongo wa kuibeba familia yake.

Mbuni alijipitisha kwanza, manyoya yakimeremeta. "Kwa mbio na sura, humpati mwingine," alisema.

"Na wanangu?"

"Labda mmoja, akijikunja."

Ndovu hakujinadi. Alipiga magoti tu, na mgongo wake ukawatosha wote.

Moyo wa Ngiri ulikuwa kwa Mbuni, lakini alimtazama mkewe, akamchukua Ndovu. Pori zima likamsifu kwa kujali familia, na sifa zikamlevya. Akawa anamsugua Ndovu asubuhi na jioni, mpaka akang'aa kumshinda Mbuni.

"Hakuna kupanda na matope," aliwaambia watoto. "Mnafuta miguu kwanza."

Aliyesahau alichapwa. Mwishowe wakawa wanatembea nyuma wakila vumbi, baba yao juu peke yake.

"Baba watoto, si tulimchukua kwa ajili yao?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo maana namtunza."

Masika yalipofika, mto ukavunja kingo usiku mmoja na kulijaza bonde. Ndovu akapiga magoti. Ngiri akarukia juu, akamvuta mkewe, kisha akawaita watoto: "Pandeni, wanangu. Pandeni upesi."

Walikuja mbio mpaka ubavuni mwa Ndovu. Hapo wakasimama, wote kwa pamoja, wakainamisha vichwa na kuanza kufuta miguu kwenye nyasi.

Maji yaliwakuta bado wanafuta.