Mdomo wa Bomba

Asubuhi hiyo Nzaro alifunga vali, na yale maji ya tope ya kuoshea machujio yakaacha kumwagika mtoni, kwa mara ya kwanza tangu mtambo wa maji ya mji ujengwe. Sasa yangerudi ndani kusafishwa upya. Akateremka kilima akajionee bomba kavu.

Mdomoni mwa bomba alimkuta mama mmoja ameketi na karai tupu.

“Leo mmechelewa kuosha, mwanangu.”

“Tumeshaosha, mama. Hakitoki kitu tena huku. Mto umepona.”

Mama akaingiza mkono bombani hadi kwenye kiwiko, akautoa, akavitazama vidole vyake vikavu. Nyuma yake vyungu vilianikwa juani, vyembamba, laini kama shavu la mtoto.

“Na lile tope langu la kufinyangia? Mnalipeleka wapi?”

Miezi minane ya kupanga kulifunga bomba hilo, Nzaro alikuwa amepigia hesabu maji tu.

“Linabaki tangini,” alisema polepole. “Linajaa.”

“Basi shika, ukanijazie.” Akamtwika karai.

Nzaro akapanda kilima, akiwaza atamwambia nini mlinzi wa geti la mtambo atakapotoka na karai la tope. Alipogeuka, mama alikuwa ameinama, ametega sikio mdomoni mwa bomba.