Kijani Kisichoumiza Macho

Simu ya kaka yake ilimkuta Kiden ofisini Arua, akibadilisha rangi za maandishi katika programu anayoandikia msimbo. Weupe wa kioo cha kompyuta ulikuwa ukimuumiza macho.

"Kiden, mama amekufa," kaka alisema kutoka Koboko. "Asubuhi hii. Tunazika baada ya alasiri. Kaburi iko tayari. Unakuja?"

"Sawa," alisema Kiden, akakata simu.

Akarudi kwenye kioo. Mandhari alikuwa ameshaifanya nyeusi, na namba zilikuwa rangi ya chungwa. Yalibaki maelezo yanayofafanua msimbo. Alijaribu kijani, kikawaka mno. Akakipunguza, akakipunguza tena. Kidole chake kiliendelea kubonyeza. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Nani huyo alipiga?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili, bila kugeuka.

"Watu wa nyumbani."

"Huko iko salama?"

"Salama."

"Hiyo kijani nzuri. Sasa ongeza ukubwa wa herufi kidogo, macho ipumzike."

Kiden akaongeza. Msikitini wakaanza kuadhini adhuhuri, na barabara ya Koboko ni ndefu. Akaongeza tena. Mistari ikasukumana nje ya kioo, yakabaki maneno machache, kisha neno moja, kisha herufi moja pana kama dirisha, na kidole bado kilikuwa kikibonyeza.

Kiti cha mwenzake kikakwaruza sakafu. Akaja akasimama nyuma yake, akamshika mkono ule.

"Kiden," akasema polepole, "nani amekufa?"